Kuomba masta ya fizikia Ujerumani ukitokea Dar: uzoefu wangu

Majibu yote yamesharudi, kwa hiyo naweza kueleza bila jazba. Mimi ni mhitimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, digrii ya sayansi na ualimu, masomo ya kufundishia fizikia na hisabati. Hilo nalitanguliza kwa sababu ndilo lililoamua karibu kila jibu nililopata, kuliko GPA, kuliko mtihani wa Kiingereza wa IELTS, kuliko hata ile barua ya kujieleza niliyoikesha.

Nilichagua Ujerumani kwa sababu ya ada. Vyuo vingi vya serikali kule havitozi ada ya masomo. Unalipa mchango wa muhula tu, ambao mara nyingi unakuja na tiketi ya usafiri. Wanaosema "Ujerumani ni bure", hata hivyo, huwa wanaruka mambo. Jimbo la Baden-Württemberg, lenye Heidelberg, Freiburg na Karlsruhe, tangu 2017 linawatoza wanaotoka nje ya Umoja wa Ulaya yuro 1,500 kwa muhula. TUM, chuo kikuu cha ufundi cha Munich, nacho kilianza kuwatoza mwaka 2024. Nje ya hapo bado kuna pa kwenda, na lugha si kikwazo: masta ya fizikia ya Bonn inafundishwa kwa Kiingereza, na Leipzig wana programu yao ya kimataifa.

Baadhi ya vyuo hupokea maombi moja kwa moja, vingine hupitia uni-assist, taasisi ya Berlin inayokagua vyeti vya watu wa nje kwa niaba ya vyuo. Uni-assist haiamui nani aingie. Inahakiki, inageuza alama zako ziwe za Kijerumani, kisha inalisukuma faili chuoni. Bei ni yuro 75 kwa ombi la kwanza na 30 kwa kila linalofuata katika muhula huohuo, kwa hiyo usitawanye maombi kama vipeperushi vya kampeni. Hakikisha mapema kwamba kadi yako ya benki imefunguliwa malipo ya mtandaoni. Mengine pale yako wazi, sina la kulalamika.

Suala la alama ndilo lililonifurahisha, labda kwa sababu ni hesabu. Wajerumani wanapanga kinyume na sisi: 1.0 ndiyo juu kabisa, 4.0 ndiyo mwisho wa kufaulu. Kanuni yao inachukua alama ya juu ya mfumo wako, inatoa alama yako, inagawanya kwa tofauti ya alama ya juu na alama ya chini ya kufaulu, inazidisha kwa 3, kisha inaongeza 1. Kwa mfumo wetu wa 5.0 juu na 2.0 chini, yote hayo yanakuwa kitu kimoja chepesi: 6 toa GPA yako. Mwenye 3.9 anakuwa na 2.1. Programu nyingi zinataka 2.5 au bora zaidi, yaani GPA 3.5, palepale inapoanzia "upper second" yetu. Nilimfanyia hesabu hiyo rafiki yangu wa Nairobi mwenye asilimia 70, "first class" ya kule, ambako kufaulu kunaanzia 40. Ukichukua 100 kuwa ndiyo juu kabisa, naye anatua kwenye 2.5 kamili. Alinuna, na sikumlaumu. Nani anapata 100 kwenye mtihani wa sumakuumeme?

Lakini alama ni mlango wa nje tu. Ndani wanafungua transkripti na kuuliza: umesoma fizikia kiasi gani? Mwaka mmoja wa masomo Ulaya una krediti 60, na digrii ya miaka mitatu ina 180. Kwetu, kwa utaratibu wa TCU, tume yetu ya vyuo vikuu, miaka mitatu ni krediti 360, kwa hiyo ukigawa kwa mbili unapata picha. Sasa chukua transkripti ya mwalimu. Toa saikolojia ya elimu, toa mbinu za kufundishia, toa mazoezi ya kufundisha, toa hisabati, halafu hesabu fizikia iliyobaki. Kamati ya udahili inatafuta mambo manne kwa majina: mekanika ya nadharia, sumakuumeme, mekanika ya kwanta, na thamodinamiki pamoja na mekanika ya takwimu. Mwenye digrii ya fizikia tupu anazo. Sisi wa ualimu tunakuwa na tatu, au tatu na nusu.

Na si jina la kozi pekee wanalolitaka. Wanataka maelezo ya kila kozi: mada, saa za darasani, saa za maabara, kitabu kilichotumika, namna ya kutahini. Kwenye idara zetu karatasi hiyo ipo, lakini imelala kwenye kabati, au iko kwenye kompyuta ya mhadhiri aliyekwenda masomoni. Nilikusanya moja moja, nikazichapa upya kwa mpangilio mmoja, nikapeleka kwa mkuu wa idara akazipitia na kugonga muhuri. Kama una muda wa kufanya jambo moja tu vizuri, fanya hili. Barua ya kujieleza kila mtu anaandika kwamba alipenda nyota tangu utotoni. Ukurasa unaoonyesha kwamba mlinganyo wa Schrödinger uliusoma mpaka kwenye atomu ya haidrojeni hauwezi kubishiwa.

Barua za mapendekezo nazo zina vituko vyake. Mwalimu anakwambia, "Andika mwenyewe, niletee nisaini." Mfumo wa chuo unachoomba, kwa upande wake, unamtumia yeye kiungo, tena kwenye barua pepe yake ya kazini, si ile ya Yahoo aliyoizoea. Mzee wa watu hajaifungua ya kazini tangu alipopewa. Nenda ofisini kwake kwa heshima, kaa naye, msaidie kupata nywila. Shikamoo ya pale ina thamani kuliko vikumbusho vya kompyuta.

Matokeo? Chuo kimoja, ambacho sitakitaja, kilinikataa kwa mistari miwili: fizikia ya nadharia haitoshi. Kingine kilinipokea. Nilishangilia siku hiyo, kesho yake nikaanza kusoma masharti ya viza.

Hapo ndipo penye gharama halisi. Kabla ya viza unatakiwa kuonyesha pesa ya kujikimu ya mwaka mzima, yuro 11,904, kwenye akaunti iliyofungwa inayokuachia 992 kwa mwezi. Ni zaidi ya shilingi milioni 30, nazo ziwe zimeshalipwa, si ahadi ya shamba la baba. Njia za kukwepa ni mbili: ufadhili, au mtu anayeishi Ujerumani akubali kusaini dhamana kwa mamlaka za kule. DAAD, shirika la Ujerumani la ufadhili wa masomo, wana ofisi ya kanda Nairobi na wanafadhili Waafrika, ila orodha yao maarufu ya kozi za maendeleo imejaa maji, mipango miji, kilimo na afya. Fizikia ya nadharia si kipenzi chao.

Kwa hiyo Ujerumani naipa nyota tatu kati ya tano. Ya nne ningeitoa kama tovuti za programu zingeandika sharti la akaunti pale juu, karibu na neno "bure".

Nyota tano naipa taasisi nyingine. ICTP ya Trieste, Italia, yaani kituo cha kimataifa cha fizikia ya nadharia, ilianzishwa 1964 na Abdus Salam, Mpakistani aliyerudi kufundisha Lahore, akajikuta hana wenzake wa kufanya nao utafiti, akaondoka tena. Aliijenga ili watu wa nchi kama zetu wasilazimike kuchagua kati ya nyumbani na fizikia. Wana stashahada ya mwaka mmoja baada ya digrii, tena si ada tu inayofutwa: kujikimu kunalipwa. Si masta, na ushindani ni mkali, lakini imetengenezwa makusudi kwa mtu ambaye transkripti yake ina matundu kama yangu. Karibu zaidi kuna EAIFR, taasisi ya utafiti ya Afrika Mashariki pale Kigali, ndani ya Chuo Kikuu cha Rwanda, mshirika wa ICTP, inayotoa masta kamili ya fizikia tangu 2018. Mtanzania anafika kwa basi bila kuomba viza. Nashangaa ni wachache kiasi gani kwenye idara zetu wanaoitaja.

Trieste wamenikubali, naondoka mwisho wa Agosti. Nafasi ya Ujerumani nimeiandikia barua ya shukrani na kuiachia. Nikimaliza nitaomba tena kulekule, nione mistari yao miwili itasemaje safari hii mekanika ya takwimu ikiwemo.