apt-get clean: amri iliyonirudishia gigabaiti 7.8, na siku niliyoijutia

Niliwasha kompyuta yangu ya Linux asubuhi, nikaandika nywila, skrini ikawa nyeusi sekunde mbili, kisha ikanirudisha palepale pa kuandika nywila. Nikarudia. Ikanirudisha tena. Mara ya tatu nikaanza kubonyeza herufi moja moja kama mtu anayejifunza kuchapa, nikidhani nimesahau nywila yangu mwenyewe. Kumbe nywila haikuwa na kosa lolote. Diski ilikuwa imejaa pomoni, na mfumo haukuwa na mahali pa kuandikia hata vile vijifaili vidogo unavyovihitaji ili kukufungulia dirisha la kazi.

Nilibonyeza Ctrl+Alt+F3, nikaingia kwa njia ya maandishi matupu. Huko nako nikagusa Tab inimalizie jina la folda, nikatupiwa kosa: bash (programu inayopokea amri unazoandika) imeshindwa kuunda faili la muda, nafasi imekwisha. Yaani hata Tab! Amri ya df -h, inayoonyesha nafasi iliyotumika, ikanionyesha patisheni ya mfumo (sehemu ya diski iliyotengwa kwa ajili yake), gigabaiti 30, imetumika 100%. Kilichoniokoa ni akiba: ext4, mpangilio wa mafaili kwenye diski yangu, kwa kawaida hutenga 5% ya nafasi kwa ajili ya root (msimamizi mkuu wa mfumo) peke yake, kwa hiyo mtumiaji wa kawaida akishakwama, sudo, inayoendesha amri kwa mamlaka ya root, bado inapumua.

Kabla ya kufuta chochote nilitaka kumjua mlaji. Nikapima folda moja baada ya nyingine kwa sudo du -xsh, na nilipofika /var/cache/apt/archives, ambako vifurushi vya programu vilivyopakuliwa huhifadhiwa, nikakuta gigabaiti 7.8. Zaidi ya robo ya patisheni nzima! Nikaorodhesha vilivyomo. Vifurushi vya .deb vimejipanga kama magazeti ya zamani chini ya kitanda: firefox-esr toleo baada ya toleo, kila kimoja zaidi ya megabaiti 50, kerneli (kiini cha mfumo) ambazo nilishaziondoa zamani, LibreOffice vipande vipande. Vyote vilishasakinishwa, vikafanya kazi yake, vikabaki pale bila mtu wa kuvifagia.

Kosa lilikuwa langu, au tuseme la vidole vyangu. Tangu toleo la 1.2 la mwaka 2016, amri ya apt, inayopakua na kusakinisha programu, hufuta kifurushi ikishamaliza kukisakinisha. Ndugu yake mkubwa, apt-get, yeye hutunza kila alichopakua mpaka umwambie afute. Mimi nilijifunza Linux kwa apt-get na sikuwahi kuhama, basi miaka minne ya masasisho ikarundikana kimyakimya.

Nikaandika sudo apt-get clean. Nikabonyeza Enter.

Hakuna kilichotokea. Namaanisha kwenye skrini: hakuna mstari, hakuna asilimia, hakuna "nimemaliza". Mshale ukarudi kama sijasema kitu. Kwa mgeni hili linatia shaka, na ni jambo ninaloikosoa kweli amri hii. Ingesema tu imefuta kiasi gani isingepungukiwa na kitu. (Ukiongeza -s itakuambia ingefuta wapi bila kugusa chochote, lakini nani hukumbuka hilo akiwa na jasho la diski iliyojaa?) Nikarudia df -h: 73%. Nikarudi kwenye skrini ya kuingilia, nikaandika nywila ileile, dirisha la kazi likafunguka.

Ninachokipenda ni kwamba haigusi kisichoihusu. Programu zilizosakinishwa zinabaki zilivyo, mipangilio inabaki, na orodha ya mfumo ya kilichosakinishwa iko kwingine kabisa, ndani ya /var/lib/dpkg, folda ambayo nakusihi usiifute hata ukibanwa vipi. Kinachoondoka ni nakala za kupakuliwa tu. Linganisha na programu moja ya usafi yenye vitufe vya rangi niliyowahi kuijaribu, sitaitaja jina: iliniahidi gigabaiti 9, ikanipa mbili, na ikanitoa kwenye kila akaunti niliyokuwa nimeingia kwenye kivinjari.

Amri nyingine nilizopitia siku ile zilisaidia kidogo tu. journalctl --vacuum-size=200M ilipunguza logi, yaani kumbukumbu za matukio ya mfumo. pip cache purge, inayofuta vipakuliwa vya Python, ilinishangaza kwa gigabaiti moja na ushee. apt-get autoremove nayo ni nzuri, ila soma orodha yake kabla ya kukubali. Hiyo huondoa programu zenyewe, si nakala.

Sasa upande wa pili. Kama miezi miwili baadaye, sasisho la kifurushi kimoja cha firmware (programu ndogo inayoendesha kifaa chenyewe) liliua wifi yangu. Tiba ni nyepesi: rudisha toleo la awali. Toleo la awali lilikuwa wapi? Lilikuwa kwenye ile folda, na wiki iliyotangulia nilikuwa nimeifagia, kwa raha kabisa, huku diski ikiwa na nafasi tele. Ikabidi niunganishe simu kwa waya wa USB ili nipate intaneti, nikachimbue toleo la zamani kwenye snapshot.debian.org, ghala la matoleo ya zamani, nilisakinishe kwa mkono. Saa moja na nusu imekwenda kwa kifurushi ambacho kabla sijafagia kilikuwa mita moja kutoka puani mwangu.

Na usidhani apt-get autoclean ingeniokoa. Yenyewe hufuta vifurushi ambavyo haviwezi tena kupakuliwa kutoka hazina ya mtandaoni, maana yake matoleo ya zamani ndiyo ya kwanza kuondoka. Ni nzuri kwa anayetaka kubaki na ya sasa bila kupakua tena. Kwa anayetaka njia ya kurudi nyuma, haina msaada. Watumiaji wa Arch, aina nyingine ya Linux, wana paccache, ambayo usipoiambia vingine hubakiza matoleo 3 ya kila kifurushi. Kitu kama hicho ndicho ninachokikosa huku, na ndicho kilichokata nyota moja: naipa 4 kati ya 5.

Bado naitumia, lakini siku hizi df kwanza, clean baadaye, na hapo katikati kuna hatua moja: nanakili .deb za firmware na za kerneli ninayoitumia kwenye folda iliyo ndani ya home (folda ya mafaili yangu binafsi), ambayo kwangu iko kwenye patisheni yake. Nimeipima jana. Megabaiti 212.