Uzoefu wangu: Benzi ya harusi Moshi, bibi yetu akaambiwa akapande Noah

Kampuni siitaji jina, wenyewe mkisoma mtajijua, na waliokuwepo kwenye ile harusi wanaijua. Nilishaamua ninyamaze lakini majuzi wamenitumia tena meseji ya promosheni, eti "harusi yako, hadhi yako", nikasema hapana, leo lazima niandike.

Ilikuwa harusi ya mdogo wangu, baada ya Pasaka, masika yamekolea na huko Machame kwetu ukitoka kwenye lami ni tope tupu. Kwenye kamati mi ndo nilikuwa usafiri. Wenzangu wengi walitaka V8 nyeupe, wengine wakasema Alphard inatosha, mi nikang'ang'ania Benzi mpaka nikaonekana nina mashauzi. Hayakuwa mashauzi. Marehemu mzee wetu alikuwa fundi magari, na katika magari yote aliyolala chini yake hapa Moshi hakuna aliloliheshimu kama Benzi, zile dizeli za zamani za wazee wa hela za kahawa. Yeye mwenyewe hakuwahi kumiliki hata moja, alikuwa anazitengeneza anazirudisha kwa wenyewe. Sasa tukasema siku binti yake anaolewa atoke nyumbani kwa Benzi, na pembeni yake akae bibi, mama aliyemzaa mzee. Nikaenda ofisini kwao nikaeleza hivyo hivyo, yule dada wa mapokezi akaandika kwenye fomu: bibi harusi, msimamizi wake, na bibi mzaa baba. Kopi ninayo.

Gari ilikuja, sitaki kusema uongo, imeng'aa mpaka watoto wa jirani wanajiangalia sura kwenye mlango. Nyeusi, riboni nyeupe, ile nyota pale mbele imesimama. Mama yangu alitokwa na machozi kabla hata hatujapanda. Kama review ingekuwa ya gari peke yake ningeandika nyota tano nikaenda kulala.

Sasa dereva. Kijana, suti, miwani ya jua asubuhi ile ya mawingu. Alipaki juu barabarani, kihambani kwenye migomba ya nyumbani hakuingia, akasema gari haishuki huko, sawa, mdogo wangu akakunja shela akapandisha kati ya migomba tumemshikia miavuli, hilo nimelisamehe maana tope lilikuwa tope kweli. Bibi akapanda taratibu nyuma yetu kwa fimbo yake, amevaa kitenge kipya, na kibuyu kidogo cha mbege amekishika mkononi maana alitaka kumbariki mjukuu kwa namna yake anayoijua yeye. Ana zaidi ya miaka 80. Amefika pale mlangoni anahema, na yeye ndo akamsalimia dereva, "hujambo mwanangu", yule kijana hakutoa shikamoo. Hakutoa! Alimwangalia miguuni, akaangalia kibuyu, akafunga mlango wa nyuma, halafu akanigeukia mimi: "Dada, huyu bibi apande ile Noah pale, hizi siti ni za ngozi, na hiyo pombe ikimwagika humu nani atalipa?"

Nikamwambia kaka, jina lake lipo kwenye fomu. Akasema yeye fomu haijui. Nikamwambia viatu tunamvua, kibuyu nashika mimi. Akajibu, na hapa kuna watu wengi wamesikia, "Hii ni Benzi dada, sio Kosta ya Machame."

Jamani.

Kanisani tunasubiriwa, padri yule hana mchezo na muda, matarumbeta wameshaanza kupiga, mdogo wangu yuko ndani ya gari anaanza kulia na mekapu yenyewe tumeilipia. Bibi ndo akatuokoa, akasema "mwacheni, mimi nitapanda na wengine", akapanda Noah ya mjomba, kiti cha mbele, na huko akaimba mpaka kanisani. Wao ndo walifurahi. Sisi kwenye Benzi tulikaa kama tunapelekwa mahakamani.

Mpaka hapo labda ningesema ni dereva mmoja mjinga, watu wapo wa kila aina, na pengine bosi wake anamkata mshahara kwa kila doa, huwezi jua, vijana wa kuajiriwa wanabebeshwa mengi. Nilikuwa tayari kabisa kumwonea huruma. Ila baadaye nikampigia mwenye kampuni. Nilitegemea pole. Mtu mzima yule akaniambia kwa sauti ya upole kabisa kwamba dereva alikuwa analinda hadhi ya gari, kwamba Mercedes ni jina la zaidi ya miaka mia, ina heshima yake, "sio gari ya kubeba kila mtu".

Haya. Tuongelee hiyo miaka zaidi ya mia maana inaonekana mwenye gari hajui anaendesha nini.

Karl Benz alipata hati ya kulinda uvumbuzi wake huko Ujerumani Januari 1886, kigari cha magurudumu matatu. Pesa za kuifufua karakana yake kabla ya hapo zilitoka wapi? Kwa mchumba wake Bertha. Alichukua fungu alilotengewa kwao kwa ajili ya ndoa, akalitoa mapema kabla hata hajaolewa, ili kumtoa mbia aliyekuwa anamsumbua Karl. Kwa hiyo hiyo heshima mnayoilinda ilianza na hela ya harusi ya mwanamke. Afu gari likatengenezwa, watu hawalinunui, wanaliogopa, na mume naye ni mtu wa kusitasita, kila siku anarekebisha kitu. Agosti 1888 Bertha akaamka alfajiri mume amelala, akawachukua vijana wake wawili, Eugen na Richard, wakalisukuma gari mbali kidogo na nyumba asisikie, wakaliwasha, wakaondoka Mannheim kwenda Pforzheim, kilomita zaidi ya mia moja. Hakuna aliyewahi kusafiri umbali ule kwa gari kabla yao.

Na walikuwa wanaenda wapi? KWA BIBI. Pforzheim ndo kwao Bertha, alikuwa anampelekea mama yake wajukuu. Safari ya kwanza ndefu ya gari duniani, ile iliyoijengea Benzi jina, ilikuwa ya kwenda kumwona bibi. Mzee wetu alikuwa anatusimulia hii mara kwa mara, sehemu ya bibi alikuwa anairudia makusudi bibi mwenyewe akiwa amekaa pale anapepeta maharage, na bibi anacheka anasema "kumbe Wazungu nao wana akili".

Na ilikuwa safari chafu, msidhani alikaa kwenye siti ya ngozi na miwani. Mafuta yaliisha wakaenda kununua duka la dawa, mji unaitwa Wiesloch, ile famasi mpaka leo wanaisema ndo kituo cha kwanza cha mafuta duniani. Bomba la mafuta likaziba, akalizibua kwa pini ya kofia yake. Waya ukavuliwa ganda, akaufunika kwa utepe wa soksi zake. Breki zikaisha, akamtafuta fundi viatu akazipigilia ngozi. Milimani vijana wanashuka wanasukuma, na aliporudi ndo mumewe akaongeza gia ya kupandia milima. Hiyo ngozi mnayoiogopea tope, kwenye Benzi ya Bertha ilikuwa kwenye breki!

Jina lenyewe sasa. Hilo "Mercedes" mnalolitamka kwa pua. Upande wa pili kulikuwa na watengeneza magari wengine, kina Gottlieb Daimler na Wilhelm Maybach, na kulikuwa na mfanyabiashara mmoja, Emil Jellinek, anakaa Nice kule Ufaransa anauzia matajiri magari. Mwaka 1900 akaagiza magari 36 kwa mkupuo kwa sharti kwamba injini yake mpya ipewe jina la binti yake, Mercédès, katoto ka miaka kama 10 hivi. Kampuni hizo mbili, ya Benz na ya Daimler, zikaja kuungana 1926 ndo ikawa Mercedes-Benz. Mke, mama mkwe, mtoto wa kike. Halafu mnamshusha bibi.

Nisikilizwe vizuri, sisemi ile kampuni ya Ujerumani ni malaika. Wakati wa vita vya pili walifanyisha watu kazi kwa lazima viwandani, na wenyewe walikuja kukubali hilo. Viongozi wengi wababe wa dunia walizipenda zile Mercedes 600 ndefu. Huku kwetu ndo kabisa, baada ya uhuru watu wakaona mabwana wapya wanavyopita vioo vimepandishwa, wakawaita wabenzi, na mwaka 1967 hapo jirani tu Arusha Mwalimu akatangaza Azimio kwamba kiongozi asiwe na hisa, asiwe na nyumba za kupangisha, asiwe na mishahara miwili. Mzee wetu alikuwa anasema Benzi haina kosa, kosa lipo kwa anayekaa nyuma. Mi siku ile nikagundua hata anayekaa mbele anaweza kuwa mbenzi, tena wa gari ya kukodi, tena ya bosi wake.

Kwa hasira nilizokuwa nazo nikaanza kuichukia mpaka nyota yenyewe. Nikasema ndo maana mwaka 1997 ile A-Class yao ndogo ilipinduka kule Sweden kwenye jaribio la kukwepa mnyama barabarani, ulimwengu mzima ukacheka. Ndo maana E-Class za mwisho wa miaka ya 90 zikasifika kwa kutu, mzee alikuwa anagonga bodi kwa kidole anatikisa kichwa. Nikawaambia nyumbani Benzi imekwisha siku nyingi, tunanunua historia. Lakini hapo najidanganya, maana A-Class waliyazuia mauzo wakairudisha na ule mfumo wa kuzuia gari kuteleza kwa kila mteja, sio kwa tajiri tu, na leo hata gari za kawaida zinao. Na kuna dereva teksi wa Ugiriki, Benzi yake ya 240D ya mwaka 1976 ilifika kilomita milioni 4.6, ikaenda kuwekwa makumbusho Stuttgart. Teksi! Imebeba abiria wa kila aina, vikapu, wagonjwa, walevi, na bibi zao bila shaka, na ndo hiyo wameipa heshima ya kukaa makumbusho. Ukimwambia mwenye kampuni wetu sijui atasema nini.

Kwa hiyo hukumu yangu ikoje? Gari nzuri, narudia, na hata yule dereva kuendesha anajua, kuteremka toka Machame kwenye ule utelezi hatukusikia shimo hata moja, na mjini tulipozunguka pale mnara wa saa picha zimetoka kama za magazeti. Kama harusi yako haina wazee, kodini tu. Hapana, nafuta, msikodi. Harusi ya Kichaga isiyo na wazee ni ya nani? Nyota moja, na hiyo ni ya Bertha.

Kingine kilichoniudhi ni ile fidia yao, kuponi ya punguzo la asilimia 10 kwa harusi ijayo ya familia. Mimi sikuomba punguzo. Kwetu mtu akimkosea mzee anabeba isale, lile jani letu la kuombea msamaha, anaenda nyumbani kwake anaomba radhi, na bibi kwa alivyo angempokea, angempa na mbege. Mwenye kampuni na yeye ni wa hapa hapa mlimani, isale anaijua, tena nasikia kwao ipo mpaka kwenye mpaka wa shamba. Kutoka mjini mpaka kwa bibi kwa hiyo Benzi yake ni mwendo mfupi tu.

Bibi mwenyewe wala hana kinyongo, aliniuliza tu yule kijana alikula? Maana alimwona ukumbini amesimama nje na gari mpaka usiku. Nikamwambia alikula, tena alifungashiwa na nyama.

Na dhamana yangu laki 1 mpaka leo hamjarudisha, mnasema kapeti la gari lilikutwa na tope. Tope lilikuwa upande wa dereva. Picha ninayo, ya mpiga picha wa harusi, inaonyesha na kiatu. Namba yangu mnayo, mnaitumia kila wiki kunitumia promosheni, itumieni na kurusha hiyo hela.