Orca ya Serj Tankian: rock hamna, kuimba hamna, na bado nimeielewa

Niseme mapema mtu asije akalalamika kaunguza bando bure: kwenye albamu ya Orca Symphony No. 1 Serj Tankian haimbi. Yule mwimbaji wa System of a Down, ile bendi ya rock nzito, ambaye anaweza kunong'ona hapa na sekunde mbili mbele anafoka kama kaibiwa, humu katulia zake, kazi yote kawaachia watu wa violini na matarumbeta. Kama unataka gitaa nenda albamu yake ya Harakiri ya 2012, ipo, ni rock ya kasi na nzuri tu. Hii ya 2013 ni habari nyingine.

Halafu kuna wanaoichanganya na Elect the Dead Symphony ya 2010. Sio yenyewe jamani. Ile alichukua nyimbo zake za albamu ya 2007 akazipiga laivu na Auckland Philharmonia kule New Zealand, na anaimba mwenyewe, kwa hiyo hata usipojua lolote kuhusu okestra unashika nyimbo unaenda nayo. Orca imetungwa kama simfoni, yaani muziki mrefu wa okestra, tangu mwanzo, ina sehemu nne, na waliopiga ni okestra inaitwa Das Karussell, mji wa Linz, Austria. Hakuna kiitikio cha kukushika mkono.

Wazo lake limekaa hivi: orca, huyu tunamwita nyangumi muuaji, kiukoo ni pomboo, na ni mnyama huyo huyo watoto wanampigia makofi akiruka majini halafu akiwa baharini anawinda sili na hata papa bila huruma. Serj anamchukua kama mfano wa binadamu, upole na ukatili ndani ya ngozi moja. Nilidhani ni maneno tu ya kuuzia albamu ila ukisikiliza unaona kweli kuna vita, violini zinajenga kitu kitamu unaanza kulegea, mara ngoma kubwa na tarumbeta zinaingia zinavunja, na hazikuombi radhi. Hapo ndipo nikamjua ni yeye, maana hata System ndio zao, wimbo unaenda kwa upole ghafla unageuzwa bila taarifa. Hajaimba lakini unamsikia.

Sasa usiisikilize kwa spika ya simu, nakuomba. Na kwenye daladala sahau kabisa. Huu sio muziki uliobanwa sauti zote zikawa sawa kama tulivyozoea redioni, sehemu za chini ziko chini kweli, kwa hiyo unaongeza sauti ili usikie selo, ile kama violini kubwa, ukishaongeza tu matarumbeta na wenzake wote wanalipuka masikioni na unaruka kwenye siti abiria wenzako wanakushangaa. Hedifoni nzuri, chumba kimya, usiku. Na uanze mwanzo hadi mwisho, usichanganye sehemu, haifiki hata saa moja.

Sehemu ya kwanza, Victorious Orcinus, imeenda shule. Ya pili sawa. Ya tatu mimi inanipita, najua kuna watu watanirushia mawe. Ila ya nne, Lamentation of the Beached, aisee. Ni maombolezo ya waliokwama ufukweni, na ukikumbuka kwamba Harakiri nayo ilitokana na zile habari za mwanzoni mwa 2011 za ndege na samaki kufa kwa wingi, unaona huyu mtu jambo la wanyama kufa lilikuwa halijamtoka kichwani. Giza lake sio la kutishia kama filamu za mazombi, ni lile la msibani watu wakishaondoka. Hii peke yake nimeirudia kuliko hizo nyingine zote kwa pamoja.

Kinachoniudhi: ana mawazo mengi mno na haraka nyingi. Anakupa melodi kali, unasubiri aikuze, aizungushe, akuonyeshe upande wake wa pili, yeye kashaitupa kaenda kwingine. Kuna nyakati inakaa kama muziki wa filamu ambayo picha zake hatujapewa, na mtu aliyezoea simfoni za wakubwa wa zamani ataguna. Mimi sio mtu wa okestra kivile kwa hiyo hainikondeshi, ila ni kasoro.

Nampa nyota 4 kati ya 5. Na wala sishangai kwamba baadaye kaingia kweli kwenye muziki wa filamu, katunga ule wa 1915, filamu ya mwaka 2015 kuhusu mauaji ya kimbari ya Waarmenia, jambo linalowagusa kwao nyumbani kabisa kwa sababu mababu zake ni manusura. Ukimaliza Orca ukaipenda, kautafute na huo.