Uzoefu wangu na taa za usiku kwa mtoto anayeogopa giza

Nyumbani kwetu Pasua, Moshi, tumetumia taa mbili za usiku kwa ajili ya binti yetu wa miaka minne, na tofauti kati ya taa hizo imekuwa kubwa kiasi kwamba naona ni vyema kuwaeleza wazazi wengine kabla hawajatoa fedha zao. Umri wake ndio ambao watoto wengi huogopa giza, kwa kuwa wanaweza kubuni vitu wasivyoviona, lakini bado hawajaweza kutenganisha sawasawa kilicho kweli na walichokibuni wenyewe.

Taa ya kwanza ni ile ya kuchomeka ukutani, yenye sensa inayoiwasha chumba kinapoingia giza. Umeme inaotumia ni nusu wati tu, hivyo hata ikiwaka kwa muda wa saa 12 kila usiku, kwa mwezi mzima haifikishi hata robo ya yuniti moja ya LUKU. Plagi yake ni ya miguu miwili ya duara, na kwa kuwa soketi zetu ni za matundu matatu bapa, ililazimu kutumia adapta. Tatizo kubwa lilikuwa rangi ya mwanga, yaani nyeupe inayoelekea buluu. Mwanga wa namna hiyo hupunguza melatonini, homoni ambayo mwili huitengeneza gizani ili kuleta usingizi, na macho ya watoto hupitisha mwanga mwingi kuliko ya watu wazima. Binti yetu hakulia tena, lakini alikaa macho muda mrefu akizungumza na mwanasesere wake. Isitoshe, umeme ukikatika nayo huzimika, na mtoto aliyezoea mwanga akishtuka usingizini wakati huo huogopa kuliko mwanzo.

Taa ya pili ni ya kuchaji, ukubwa wake kama chungwa, imefunikwa kwa mpira laini na inatoa mwanga wa rangi ya kaharabu, yaani manjano iliyokolea. Hii ndiyo ninayoipendekeza kwa moyo wote. Huwashwa kwa kuigusa, na ukiendelea kuibonyeza mwanga hupungua taratibu, jambo ambalo mtoto alijifunza siku hiyo hiyo. Kwa maoni yangu, faida yake kubwa iko hapo: mtoto anayeweza kuwasha taa kwa mkono wake mwenyewe, bila kumsubiri mama, hofu yake hupungua hata kabla ya kuiwasha.

Mahali pa kuiweka pana uzito mkubwa, hasa kwa sisi tunaolala ndani ya chandarua. Ikiwa juu ya kabati, fundo la chandarua lilitupa ukutani kivuli cha duara chenye mikunjo mirefu chini yake, naye akasema ni kichwa cha mtu. Tulipoihamishia sakafuni, upande ambao hakuna kitu kati yake na ukuta, kivuli kile kilitoweka. Bibi yake, aliyelelewa kwa mwanga wa koroboi, aliona tunamdekeza, lakini hata yeye anakubali kwamba moto karibu na chandarua ni hatari, na moshi wa mafuta ya taa haufai chumbani mwa mtoto.

Ina upungufu wake. Kifuniko cha tundu la kuchajia kililegea mapema, na ikiwaka kwa nguvu zake zote chaji haifiki alfajiri, kwa hiyo tunaiacha kwenye mwanga wa chini kabisa. Huchajiwa mchana, mbali na matandiko, kwa sababu hupata joto kiasi. Tuliinunua mjini kwa shilingi 22,000, bei ambayo naiona ya haki. Atakayeinunua amwombe muuzaji aiwashe ndani ya boksi au droo, kwa sababu kwenye mwanga wa dukani taa nyeupe na ya kaharabu zinaweza kuonekana karibu sawa.