Infinity Falls: boti ya duara inayopanda kwa lifti

Michezo ya aina hii, ya boti za duara kwenye mkondo wa maji ya kasi, ilianza 1980, kampuni ya Intamin ilipojenga Thunder River katika bustani ya burudani ya AstroWorld, Houston, Marekani. Mambo yake ni machache: mfereji wa zege, pampu kubwa za kusukuma maji, na boti ya duara iliyozungushiwa boya la mpira ili igonge kuta bila madhara. Boti haikufungwa kwenye reli. Inakwenda inakopelekwa na maji huku ikijizungusha, ndiyo maana hakuna anayejua zamu ya kulowa itamwangukia nani.

Infinity Falls ya SeaWorld Orlando, bustani ya burudani jimboni Florida, iliyofunguliwa Oktoba 2018, nayo ni kazi ya Intamin, na kanuni ni ileile. Kilichobadilika ni namna ya kupanda. Kwenye Kali River Rapids, mchezo wa aina hiyohiyo katika bustani ya Disney karibu na Orlando, boti hubebwa juu na mkanda mrefu unaojongea, taratibu mno. Hapa boti inaingia kwenye mnara, inanyanyuliwa wima kama mzigo, kisha inaachiliwa kwenye mteremko wa takriban mita 12. Mteremko huo huisha ndani ya sekunde chache. Atakayeteremka kinyumenyume, asione anakokwenda, ndiye atakayefaidi zaidi, na hilo halichaguliki.

Mnara huo huo ndio kasoro yake. Mkanda unaweza kubeba boti kadhaa kwa mfuatano, lakini lifti hupokea moja moja. Ikichelewa, za nyuma hazina pa kwenda. Ongeza kwamba boti ni ya watu 8, wakati ya Kali River Rapids inachukua 12, na foleni ya siku ya joto inajieleza. Lakini udogo huo una faida: boti ni nyepesi, inazunguka upesi na kurushwa vizuri kwenye mawimbi. Sehemu ya mkondo iliyo kabla ya mnara ni bora kuliko matangazo yanayosifu mteremko peke yake.

Usalama wa boti hizi unategemea kina cha maji kuliko watu wanavyodhani. Mwaka 2016, kule bustani ya Dreamworld, Australia, kwenye mchezo kama huu, pampu ilizimika, maji yakashuka, boti moja ikakwama karibu na mkanda wa kubebea boti na nyingine ikaigonga; watu wanne walikufa. Kwa hiyo mchezo ukisimamishwa ghafla, kaeni na mikanda yenu ya usalama ikiwa imefungwa. Anayesimama ili kuchungulia ndiye anayejihatarisha, maana boti isiyo na maji ya kutosha chini yake inaweza kuinama upande mmoja au kusogea bila onyo.

Mengine ni madogo. Kimo cha chini ni inchi 42, yaani sentimita 107 hivi. Koti la plastiki halisaidii sana, kwa kuwa maji huingia kwa mkupuo kutoka pembeni na kutuama miguuni na kitini. Vaeni ndala zenye kamba ya nyuma. Raba za kitambaa zitakuwa mbichi hadi jioni. Simu iwe ndani ya mfuko usiopitisha maji, au ibaki na mtu asiyepanda. Na mkiwa wachache botini, msijazane upande mmoja: boti iliyoelemea huzunguka vibaya, na upande mzito ndio unaochota maji kila wimbi likija.