Ukiwa na hela ya kitabu kimoja tu: vitabu vya siasa, tiba na utu, nilivyovipanga mimi wa Mbeya

Kila mwisho wa mwezi hapa Uyole kuna mtu ananiuliza, nina elfu thelathini hapa ninunue kitabu gani, sio riwaya, sio vile vya kutajirika haraka, nataka kitabu cha mambo ya kweli, siasa, hospitali, haki za watu. Basi nimeona niandike mara moja. Kipimo changu ni kimoja: kitabu kikufanye uulize swali ambalo ulikuwa huliulizi, mbele ya daktari, mbele ya diwani, au nyumbani mbele ya mzee wako. Kama umekimaliza unasema tu "kizuri" halafu unakirudisha kabatini, kwangu mimi hakijalipa.

NAMBA MOJA, na hapa sibishani na mtu, ni Being Mortal cha Atul Gawande, kilitoka 2014. Huyu ni daktari wa upasuaji wa Boston, wazazi wake walitoka India na wote wawili madaktari, na kitabu kinahusu uzee na kufa, yaani madaktari wanajua kutibu ila hawajui kukaa na mtu ambaye hatapona. Ndani kuna mzee mmoja anatakiwa kupasuliwa uvimbe shingoni, anaweza kupooza, binti yake ambaye ni daktari anamuuliza baba, uko tayari kuvumilia mpaka wapi ili uishi? Mzee anajibu kama nitaweza kula aiskrimu ya chokoleti na kuangalia mpira kwenye tivii, niacheni niishi. Baadaye mambo yanaharibika, damu inavujia kwenye uti wa mgongo, binti anawauliza wapasuaji swali hilo hilo, ataweza kula aiskrimu na kuangalia mpira? Wakasema ataweza. Akaruhusu warudi kumpasua.

Nilikisoma mwaka ambao bibi yangu alikuwa anaumwa Tukuyu, saratani ya kizazi, ilikuwa imeshakwenda mbali. Wajomba walikuwa wanabishana, mmoja anataka tuuze ng'ombe apelekwe Dar, mwingine anasema tumpeleke kwenye maombi, simu hazikauki, na katika wote hao hakuna aliyemuuliza mwenyewe. Nikapanda Hiace nikaenda. Nilimkuta jikoni, mvua ile ya Tukuyu isiyokata, anamenya ndizi, mikono imekonda mpaka pete imefungwa uzi isidondoke. Nikamwambia shikamoo bibi, akaitikia, nikakaa muda mrefu nikishindwa kuanza. Mwisho nikauliza, bibi, katika haya yote unaogopa nini zaidi? Akasukuma kuni ndani kidogo, akasema, "Naogopa kufia barabarani mjukuu wangu. Mimi nataka nikae hapa hapa jikoni kwangu, Jumapili nisikie kwaya." Kanisa liko mtaa wa pili, kwaya inasikika vizuri upepo ukiwa mzuri. Basi ng'ombe hakuuzwa, tulichohangaikia ni dawa za maumivu na mtu wa kulala naye, na aliishi miezi minne pale pale. Kitabu hicho nilikipata mtumba Mwanjelwa kwa elfu nane.

Namba mbili ni The Immortal Life of Henrietta Lacks cha Rebecca Skloot, 2010. Henrietta alikuwa mama mweusi wa Marekani, watoto watano, alifariki 1951 akiwa na miaka 31 kwa saratani ya shingo ya kizazi, pale hospitali ya Johns Hopkins, Baltimore. Madaktari walichukua kipande cha uvimbe wake bila kumwomba ruhusa, na zile seli hazikufa, zikaendelea kuzaliana maabara mpaka leo, zinaitwa HeLa, zilisaidia kupima chanjo ya polio na zikauzwa dunia nzima, familia yake haikujua chochote kwa zaidi ya miaka 20 na baadhi ya watoto wake walikuwa hawana hata bima ya afya. Mwaka 2023 ndiyo familia ikamalizana na kampuni moja iliyokuwa inatengeneza hela kupitia seli hizo.

Kwanini kinatuhusu sisi? Kwa sababu Mbeya ni mji wa utafiti, kituo cha NIMR, ile taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, kiko hapa, tafiti za Ukimwi na kifua kikuu zinafanyika na watu wetu ndio wanaotoa damu. Na ukanda huu wa Njombe, Iringa na Mbeya ndio wenye maambukizi makubwa ya VVU nchini, kwahiyo tutaendelea kuombwa, na ni vizuri tuombwe maana dawa zinapatikana kwa njia hiyo. Ila ukishakisoma hiki kitabu ukiletewa fomu ya ridhaa utaisoma yote, utauliza damu yangu inakwenda wapi, itakaa miaka mingapi, nikibadili mawazo inakuwaje. Kiingereza chake chepesi, kinakwenda kama hadithi, hata wa form four anayejitahidi anakimaliza.

Namba tatu nimekiweka kwa sababu ya lugha, Mzee Rukhsa: Safari ya Maisha Yangu cha Mzee Mwinyi mwenyewe, 2021, Mkuki na Nyota. Ni Kiswahili, kwahiyo baba na mama nao wanakisoma, na kitabu kinachosomwa na watu wanne ndani ya nyumba ni rahisi kuliko cha nusu bei kinachosomwa na mmoja. Huyu ndiye aliyejiuzulu uwaziri wa mambo ya ndani miaka ya 1970 baada ya watu kufa mikononi mwa vyombo vya dola kule Shinyanga, hakuwaua yeye lakini wizara ilikuwa yake. Muulize kijana wako leo kama alishawahi kusikia hilo. Cha Mzee Mkapa, My Life, My Purpose cha 2019, nacho kizuri, anakiri mauaji ya Januari 2001 kule Zanzibar ni doa kwenye urais wake, ila ni Kiingereza na kwa mfuko wa kawaida nakiweka nyuma ya Mwinyi.

Namba nne Walter Rodney, How Europe Underdeveloped Africa, 1972. Mguyana huyu alikiandika akifundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mwisho kuna maneno ya Abdulrahman Babu, yule mwanasiasa wetu wa Zanzibar. Rodney aliuawa kwa bomu Georgetown 1980, miaka 38 tu. Ni kitabu kikubwa mno, sema kizito, takwimu nyingi, ukikifanya cha kwanza utakiacha ukurasa wa 40. Soma kwa kikundi.

When Breath Becomes Air cha Paul Kalanithi, daktari wa ubongo aliyefariki kwa saratani ya mapafu 2015, kifupi na kinaliza, ila kama umeshanunua Gawande azima hiki kwa mtu.

Halafu nje ya orodha kabisa, Mahali Pasipo na Daktari. Hicho sio cha kusoma usingizi ukija, ni cha kuweka nyumbani hasa kama mko Makete au Ileje ndani ndani huko, kina picha, mtoto akiharisha unafungua unaangalia.

Sasa kununua. Vitabu vya Rodney na vya viongozi vinadurufiwa sana. Mimi niliuziwa Rodney wa kudurufu, nikafika ukurasa wa 96 kinachofuata ni 129, mkunjo mzima wa kurasa 32 haupo. Kwahiyo simama pale pale dukani, pitisha kurasa zote kwa kidole gumba ukiangalia namba, kunja mgongo wa kitabu kidogo usikie gamu kama inalia, angalia picha kama nyuso zinaonekana. Muuzaji akikasirika ondoka. Vipya ambavyo Mwanjelwa na Iringa mjini huvikuti piga simu kwa wauzaji wa Dar, mtaa wa Samora lipo duka la vitabu la TPH, vinapakiwa kwenye basi jioni kesho yake unavichukua stendi. Mkiwa watatu agizeni pamoja, nauli ya parseli ni ile ile, na kila mmoja achukue kitabu tofauti ili mwezi ujao mbadilishane.