Karakana ya pampu jirani na soko la Majengo, Dodoma, kwa wenye vyombo vya bahari

Sisi tuliohamia Dodoma kikazi na kuacha vyombo vya matanga Tanga au Bagamoyo tunaweza kuja na pampu za ngama, yaani za kutoa maji yanayojikusanya chini ndani ya chombo, huku bara wakati chombo kimepandishwa pwani. Zangu mbili, ya mkono na ya umeme wa volti 12, nilizipeleka katika karakana ndogo jirani na soko la Majengo, ambako mafundi wamezoea pampu za visima na za mashamba ya zabibu.

Pampu ya mkono ilihudumiwa vizuri sana. Fundi aliifungua yote, akanionyesha kiwambo cha mpira kilichokakamaa pembezoni, akakibadilisha pamoja na vali zake, kisha akaijaribu kwenye pipa mpaka ikavuta yenyewe. Hiyo ndiyo ninayoitegemea zaidi, kwa kuwa maji yakishaifikia betri, ile ya umeme haina msaada tena.

Ya umeme aliipima kwa ndoo na saa, mpira wa kutolea maji ukiwa umeinuliwa kama unavyopanda ndani ya chombo, na kiasi kilichotoka kilikuwa pungufu sana ya lita 1,900 kwa saa zilizoandikwa kwenye pampu, kwa sababu watengenezaji hupima bila mwinuko wala kona. Nilimshukuru kwa kipimo hicho. Tundu la sentimita 5 lililo nusu mita chini ya maji huingiza zaidi ya lita 200 kwa dakika, hivyo pampu ya namna hii inafaa kwa mavujo madogo tu, na tundu lenyewe ni lazima lizibwe upesi.

Upungufu ulikuwa kwenye nyaya. Swichi ya boya, inayowasha pampu yenyewe maji yanapopanda, iliungwa kwa waya wa shaba isiyopakwa bati na kuzungushiwa tepu, jambo linalotosha shambani, lakini chumvi hupenya humo, shaba ikaliwa, na swichi ikashindwa kuamka siku inayohitajika. Nilipoeleza, alikubali kurudia bila malipo kwa waya uliopakwa bati, ambao ilinibidi niuagize Dar es Salaam.

Ushauri wake wa kuzuia maji yasirudi kwa vali peke yake sikuufuata. Vali hiyo hupunguza mtiririko na hukwama kwa takataka. Mpira wa kutolea maji unapaswa kupandishwa juu, ili chombo kikilalia ubavu bahari isiingie kupitia humo. Kazi hiyo nimemwachia fundi wa pwani, ambaye ataifanya ndani ya chombo chenyewe.